Shelisheli: kila mtoto yumo shuleni, lakini waligawanywa tangu wana miaka sita. Tuzungumze kuhusu mikondo

ChakiNyeupe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka aruke historia aende moja kwa moja kwenye mikondo, yaani kuwapanga watoto vyumba kwa uwezo wao, huko ndiko kwenye hoja yangu.

Kila tukijadili elimu humu tunaangukia sababu mbili zilezile: tuko wengi na hela haitoshi. Sizipingi. Nafundisha shule ya msingi, najua darasa la watoto tisini linavyokuwa saa sita mchana, joto limepanda na robo yao hawajala tangu asubuhi. Lakini kwa muda mrefu nimekuwa na swali: je, nchi isiyo na shida hizo mbili, watoto wake wote wanafika? Au kuna jambo jingine tunalifanya na hatulitaji kwa sababu halimo kwenye bajeti?

Hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia Shelisheli.

Kwa wasioifahamu, ni visiwa 115 katikati ya Bahari ya Hindi. Watu wote ni laki moja na ushee, wengi wako Mahé, wanaobaki wako Praslin na La Digue. Mahé yenyewe haizidi kilomita 30 kwa urefu. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliihamishia kwenye kundi la nchi za kipato cha juu. Mwaka huohuo UNESCO ilipofunga hesabu za malengo ya Elimu kwa Wote yaliyowekwa Dakar mwaka 2000, Shelisheli ikawa nchi pekee kusini mwa Sahara iliyoyatimiza yote.

Mfumo wao ni mwepesi kuuelewa. Mtoto anaanza miaka miwili ya chekechea, wao wanaiita kreshi, halafu miaka sita ya msingi na mitano ya sekondari. Ada hakuna. Mtoto anasoma shule ya eneo analoishi, kwa hiyo mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkurugenzi wakiwa majirani wanavaa sare moja. Sekondari inaishia kwenye mitihani ya Cambridge, kisha kuna vyuo vya ufundi, utalii, ubaharia, afya, ualimu, na shule ya kidato cha juu. Chuo kikuu chao kilianza mwaka 2009, kampasi kuu ikiwa Anse Royale. Kabla ya hapo, aliyetaka shahada alipelekwa nje kwa ufadhili wa serikali na kurudi kuitumikia nchi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Shule zilianza mikononi mwa kanisa: masista wa Mtakatifu Yosefu wa Cluny walifika 1861, na Mabruda Wamarist baada yao. Mpaka uhuru unapatikana, tarehe 29 Juni 1976, wenye nacho walikuwa na shule zao za kuheshimika, Seychelles College kwa wavulana na Regina Mundi kwa wasichana. Wengine walisoma walipopata.

Kuna kipande cha historia hiyo ambacho ni chetu kabisa na sijaona kikitajwa humu. Juu milimani Mahé, mahali panapoitwa Sans Souci, kuna magofu ya makazi yaliyoitwa Venn's Town. Wamishenari wa Kianglikana wa CMS walifungua shule hapo mwaka 1876 kwa ajili ya watoto wa watu waliokombolewa na manowari za Kiingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Majahazi hayo yalikuwa yanatoka pwani hii hii yetu. Kuanzia 1861 Waingereza waliwashusha Shelisheli zaidi ya watu elfu mbili, wengine wakiwa watoto wadogo waliokamatwa bara huku wakapakiwa kuelekea Uarabuni. Pale Sans Souci wakafundishwa kusoma na kufanya kazi za shamba, kwenye ukungu na baridi ya mlimani. Shule ilifungwa 1889, msitu ukaimeza, na leo watalii wanasimama hapo kupiga picha za bahari. Mimi nikiisoma habari hiyo nawaona wanafunzi wangu. Huenda baadhi ya vitukuu vya watoto wale ndio wanaokaa kwenye madawati ya Mahé leo.

Turudi kwenye mfumo. Tarehe 5 Juni 1977, uhuru haujatimiza mwaka, France-Albert René alichukua nchi kwa mapinduzi. Serikali yake ilikuja na siasa ya ujamaa na ikaligusa suala la shule mapema sana. Shule za wateule zikaondolewa hadhi yake, elimu ikawa bure na ya lazima, kila mtoto akapangiwa shule ya mtaani kwake. Kisha ukaja mpango wa vijana wa taifa, NYS: ukimaliza darasa la 9 unaondoka nyumbani, unakaa kambini na wenzako, mnasoma, mnalima, mnajitawala wenyewe. Wanafunzi waliupinga, wakaingia barabarani Victoria, mji mkuu, mwaka 1979. Hata hivyo kambi ya kwanza ilifunguliwa Port Launay mwaka 1981, na mpango ukadumu hadi 1998. Mtanzania ataufananisha na JKT, isipokuwa hawa walikuwa watoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita. Mimi siungi mkono kumtoa mtoto wa umri huo mikononi mwa wazazi wake. Lakini nia iliyotangazwa ilikuwa wazi: pasiwe na mtoto wa daraja la kwanza na mtoto wa daraja la pili.

Shikeni hiyo nia, kwa sababu sasa tunafika kwenye mikondo.

Kuna umoja wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika unaitwa SACMEQ. Unawapima wanafunzi wa darasa la 6 kwa kusoma na hesabu, nchi zote kwa mtihani uleule. Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda zimo. Kwenye nchi kubwa wanachagua shule chache, na ndani ya shule wanachagua wanafunzi wachache. Shelisheli haikuwa na haja ya kuchagua. Darasa la 6 la nchi nzima lilikuwa na watoto kama 1,500, kwa hiyo kwenye upimaji wa mwaka 2000 walipimwa wote, kila shule, kila chumba.

Matokeo ya juu juu yalikuwa ya kushangilia. Shelisheli iliongoza kwa kusoma, alama 582, wakati Kenya na Tanzania Bara zilikuwa kwenye 546 hivi. Nchi nyingi zingeishia hapo, waziri akaitisha waandishi wa habari, mambo yakaisha.

Lakini kwa kuwa walikuwa wamepima kila chumba, waliona kitu ambacho nchi nyingine isingeweza kukiona. Kwetu na kwa wenzetu wengi tofauti kubwa iko kati ya shule na shule: ya mjini iko juu, ya kijijini iko chini. Shelisheli shule zilikaribiana sana. Tofauti ilikuwa ndani ya shule, kati ya chumba na chumba. Watoto wa mtaa mmoja, sare moja, geti moja, kengele moja, lakini wa chumba hiki wanasoma vizuri kabisa na wa chumba cha jirani wanahangaika na sentensi. Na palepale wakaona kwamba pengo kati ya wasichana na wavulana, wasichana wakiwa juu, lilikuwa kubwa kuliko nchi zote za umoja huo.

Sababu ilikuwa upangaji wa watoto kwa uwezo. Mtoto anaanza darasa la kwanza, baada ya muda mfupi anapimwa kusoma, halafu shule inawapanga: wanaosoma haraka mkondo wa juu, wanaofuata mkondo wa kati, waliobaki mkondo wa mwisho. Sheria ya nchi ilisema elimu ni sawa kwa wote. Siasa ya nchi ilivunja shule za wateule. Lakini shule za wateule zilirudi kimyakimya ndani ya kila shule ya mtaa, zikiitwa jina la chumba tu.

Wavulana ndio walioumia zaidi, na aliyewahi kufundisha darasa la kwanza anajua ni kwa nini. Katika umri wa miaka sita wasichana wengi wanatulia na kushika herufi mapema. Mvulana wa umri huo anaweza kuwa anachelewa miezi michache tu, mwakani angewafikia wenzake. Ukimpanga siku ile, umeuchukua ucheleweshaji wa miezi michache ukaugeuza kuwa wa miaka yote ya shule. Chumba cha juu kinajaa wasichana, cha chini kinajaa wavulana, kisha nchi inakaa kushangaa kwa nini vijana wa kiume wanaikimbia shule.

Kwa hili nawaheshimu sana wenzetu wa Shelisheli: hawakuzificha takwimu. Matokeo yaliwekwa hadharani, yakajadiliwa na wakuu wa shule na walimu, na wizara ikaanza kuiondoa mikondo hatua kwa hatua ikianzia madarasa ya chini. Haikuwa rahisi. Mwalimu aliyezoea chumba cha watoto wanaolingana unamletea chumba cha mchanganyiko bila mafunzo, lazima alalamike.

Sasa naomba tujiangalie wenyewe. Shule zetu ngapi zina "A" ya vipanga na "D" ya vilaza? Kuna shule moja niliwahi kufundisha, siitaji. Chumba cha mwisho kwenye korido kilikuwa na watoto waliokusanywa baada ya mtihani wa muhula wa kwanza. Mwalimu wa darasa la mitihani akiumwa, mwalimu wa chumba kile ndiye anayehamishwa kuziba pengo, na watoto wanabaki na kiranja. Ukipita saa nne unakuta kiranja ameandika majina ya wapiga kelele ubaoni na hakuna kingine kilichoandikwa siku hiyo. Wale watoto walikuwa wanajua kabisa chumba chao ni cha nini. Ukiwauliza swali wanakuambia, "Mwalimu, sisi ni wa D."

Hapo hela haihusiki. Wala wingi wa watu hauhusiki. Shelisheli ilikuwa na hela na watu wachache, na ilifanya vilevile.

Karibuni tujadili.

MamaWatatu

Mwalimu, asante kwa uzi, nimeusoma wote na chai imepoa. Mwanangu wa pili yuko darasa la tatu, amepelekwa "C" mwaka huu. Hakuna aliyeniita kunieleza. Nimejua kwa sababu daftari lilikuja na herufi tofauti. Kaka yake alikuwa "A" hapohapo, na sasa mdogo anasema yeye hana akili. Nafanyaje? Nikienda shuleni naambiwa wamepangwa "kwa utaratibu".

Kisima cha Zamani

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Wazee wetu wa JWTZ walikaa Shelisheli baada ya yale mapinduzi ya 1977, miaka kadhaa. Mzee wangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alichokuwa anakisimulia zaidi ni kwamba watoto wote wa kule walivaa viatu wakienda shule, na kwamba hakuwasikia Kiingereza mitaani, wote wanaongea Krioli, lugha yao iliyotokana na Kifaransa. Hili la mikondo hakuwahi kulitaja, na angelijuaje.

Umelisahau suala la lugha, mkuu. Kule wanaanza kwa Krioli, sivyo?

Takwimu Huru

Mkuu ChakiNyeupe, heshima yako, lakini umeleta upande mmoja. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika magharibi mwa Kenya kuanzia 2005, shule za msingi 121, darasa la kwanza. Waliongoza Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Duflo na Kremer ni miongoni mwa waliopewa Nobel ya uchumi mwaka 2019. Shule zilipewa mwalimu wa ziada, darasa likagawanywa mara mbili. Nusu ya shule ziligawa watoto kwa uwezo, nusu ziligawa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawa kwa uwezo zilikuwa mbele, na siyo vipanga peke yao waliofaidika. Waliokuwa chini nao walipanda.

Sababu inaeleweka. Mwalimu mwenye watoto wa viwango vitano anafundisha wale wa mbele, anawaacha wengine. Mwalimu mwenye watoto wanaolingana anaanza pale walipo. Kwa hiyo mikondo yenyewe si dhambi. Usimpe mwalimu wa Tanzania mzigo wa kufundisha mchanganyiko wa watoto tisini halafu useme umeleta usawa.

Mwana wa Tudor

Naunga mkono Takwimu Huru kiasi. Mimi nafundisha hapa Mombasa. Hata tukiondoa mikondo ndani ya shule, mfumo wa Kenya kwa miaka mingi umekuwa ukiwapanga watoto mbele ya safari: shule za kitaifa, za kaunti, za kaunti ndogo. Mzazi anajua, mtoto anajua. Nyinyi huko mna za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na wenzake. Kama kupanga ni kosa, basi kosa limejengwa mpaka juu. Uko tayari kuzivunja hizo?

ChakiNyeupe

Wakuu, nashukuru kwa hoja za maana. Nijibu mmoja mmoja.

@Takwimu Huru, utafiti huo naufahamu na ninauheshimu. Ila tazama walivyoupanga. Kwanza, mwalimu wa kila chumba alipatikana kwa bahati nasibu. Chumba cha chini hakikupewa mwalimu aliyebaki. Shule zetu hazifanyi hivyo. Mwalimu mkuu ana wastani wa shule kichwani, ana ofisa elimu anayempigia simu, kwa hiyo mwalimu bora anakwenda kwenye chumba kitakachobeba wastani. Pili, mpango wenyewe ulidumu mwaka mmoja na nusu. Mkondo wa Shelisheli ulimshika mtoto kuanzia mwanzo wa shule ya msingi na ukakaa naye. Tatu, shule ziliongezewa mwalimu, vyumba vikapungua idadi. Kwa hiyo utafiti wa Kenya unasema ukimkusanya mtoto na wenzake wa kiwango chake, ukampa mwalimu mzuri, atapanda. Nakubali kwa mikono miwili. Upimaji wa Shelisheli unaonyesha kinachotokea pale unapomkusanya ukamsahau.

Na ipo njia ya katikati inayofanya kazi bila ubaya huo. Zambia wana mpango unaoitwa Catch Up, wameuchukua kwenye kazi ya shirika la Pratham la India. Watoto wa darasa la 3 hadi la 5 wanabaki kwenye vyumba vyao vya kawaida, lakini kwa saa kama moja hivi kwa siku wanajipanga upya kwa kiwango cha kusoma au hesabu, haijalishi uko darasa gani. Aliye kwenye herufi anakaa na wa herufi. Akizishika herufi anahamia kwenye maneno. Saa ikiisha kila mtu anarudi kwa wenzake. Hapo mtoto hana muda wa kusema "sisi ni wa D", kwa sababu D haikai.

Hilo ndilo swali langu kwa mkondo wowote: mlango wa kutoka uko wapi?

@Mwana wa Tudor, sitaki kuzivunja shule za vipaji maalumu leo. Mtoto wa miaka 13 au 14 ameshapata nafasi ya kuonyesha alichonacho. Ugomvi wangu uko kwa mtoto wa miaka sita na saba. Kwa umri ule unapima nani alikaa chekechea nzuri, nani nyumbani kuna kitabu, nani kazaliwa Januari na nani kazaliwa Novemba. Hivyo si vipaji.

@Kisima cha Zamani, umesema kweli, lugha nimeiruka. Krioli ilitangazwa lugha rasmi mwaka 1981, na mwaka 1982 ikaanza kufundishia darasa la kwanza. Ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipa Krioli nafasi hiyo darasani. Baadaye waliipunguza. Sasa mtoto anaanza kwa Krioli, akifika darasa la tatu masomo yanahamia Kiingereza, na Kifaransa ni somo. Wana taasisi yao ya lugha hiyo, Lenstiti Kreol, iko Anse aux Pins.

Shangani

Asalaam alaykum. Maalim ChakiNyeupe, hapo kwenye lugha usipite haraka, ndugu yangu. Huo upimaji wa SACMEQ ulirudiwa 2007. Safari hiyo Tanzania Bara ndiyo iliyoongoza kusoma, 578 hivi, Shelisheli 575, Morisi 574. Watu wanayasahau haya kwa sababu tumezoea kujiona wa mwisho. Sasa kumbukeni: watoto wa Tanzania Bara na Zanzibar waliufanya mtihani kwa Kiswahili. Wa Shelisheli waliufanya kwa Kiingereza, lugha ambayo mtoto haamki nayo nyumbani.

Kwa hiyo nchi yenye hela na walimu wa kutosha inampima mtoto kwa lugha ya pili, na nchi yenye madawati ya kugombania inampima kwa lugha anayoiota usiku, na wanakaribiana. Mimi sioni hoja nzito kuliko hiyo. Halafu mtoto huyohuyo wa Bara anaingia sekondari, anaambiwa Kiswahili basi, na hapo ndipo wengi wanaponyamaza darasani mpaka kidato cha nne. Kwetu Unguja hesabu na sayansi zilishushwa kwenye Kiingereza kabla hata mtoto hajatoka skuli ya msingi.

Na hili linagusa mikondo yako pia. Ukimpanga mtoto kwa uwezo wakati anapimwa kwa lugha ngeni, umempanga kwa lugha.

Takwimu Huru

Shangani, tahadhari kidogo. Darasa la 6 la Tanzania mwaka 2007 halikuwa na watoto wote wa umri ule, wapo walioachwa nje. Shelisheli wote walikuwemo, mpaka wale wazito wa mwisho. Huwezi kulinganisha wastani bila kuangalia nani hayupo chumbani.

Shangani

Hilo nalipokea. Bado la lugha liko palepale.

Mwana wa Tudor

Mwalimu, maelezo ya utafiti wa Kenya nimeyakubali, hasa hilo la mwalimu kupatikana kwa bahati nasibu. Hapa kwetu mwalimu mgeni, aliyetoka chuoni juzi, ndiye anayepewa darasa la chini kabisa, watoto wadogo na wagumu. Mzoefu anakaa na gredi za mitihani. Hatujawahi kulijadili kwenye mkutano wa walimu, linafanyika tu kila Januari ratiba ikitoka. Lakini nauliza la kiutendaji: nina watoto 64, wa viwango vinne, kipindi dakika 35. Nitawapangaje upya kila siku bila fujo?

ChakiNyeupe

@Shangani na @Takwimu Huru, mmelimaliza vizuri kuliko ningelimaliza mimi. Nitaongeza moja tu: Shelisheli watoto walikuwa wanaanza shule kwa Krioli, lugha ya nyumbani kabisa, na bado mikondo ikawatenganisha. Kwa hiyo lugha ya mama inasaidia sana, ila haitoshi kumlinda mtoto dhidi ya ratiba ya shule.

@Mwana wa Tudor, usianze na shule nzima. Anza na jirani yako wa korido. Mkiwa walimu wawili wa gredi moja, wekeni kipindi kimoja cha kusoma muda mmoja kwenye ratiba. Pima kila mtoto kwa karatasi moja: herufi, silabi, maneno, aya. Unamwita, anasoma, unaweka alama, dakika moja hazifiki mbili. Kisha mmoja wenu anachukua wa herufi na silabi, mwenzako anachukua wa maneno na aya. Wa aya wanaweza kusoma wawiliwawili chini ya mti bila wewe. Wa herufi hawawezi, ndio wanaokuhitaji, kwa hiyo hapo ndipo akae mwalimu mzoefu kati yenu. Baada ya wiki chache pima tena, hamisha. Fujo ipo siku za mwanzo, wakati watoto hawajajua waende mlango gani. Wakizoea wanajipanga wenyewe. Sisi tunawaandikia rangi kwenye kipande cha boksi ukutani, siyo herufi A mpaka D, na rangi zinabadilishwa maana kila muhula ili isiwepo rangi ya aibu.

@MamaWatatu, nimekuweka mwisho kwa sababu swali lako ndilo zito. Usiende shuleni kuomba mtoto ahamishiwe "A". Watakuhamishia wako na chumba kitabaki vilevile, tena mwanao atakuwa mgeni kule. Nenda na maswali matatu, uyaandike kwenye karatasi uende nayo. La kwanza: mwaka jana watoto wangapi walitoka "C" wakapanda? Kama jibu ni hakuna, hiyo siyo "C" ya kusaidiwa. La pili: nani anafundisha kusoma kwenye chumba hicho, na vipindi vingapi vilikosa mwalimu mwezi uliopita? Daftari la mwanao litakupa jibu kabla ya mwalimu mkuu, hesabu kurasa zenye tarehe. La tatu: atapimwa tena lini?

Usiende peke yako. Tafuta wazazi wawili watatu wa chumba hicho, mwende siku ya kikao cha wazazi, muulize mbele ya kamati ya shule. Mzazi mmoja anaambiwa "utaratibu". Wazazi wanne wanajibiwa.

Na kwa mtoto mwenyewe, jioni mpe kitabu cha hadithi cha darasa la pili, siyo la tatu, asome kwa sauti aone kwamba anaweza. Kaka yake asikae karibu akimsahihisha.

MamaWatatu

Nimehesabu daftari la Kiswahili sasa hivi. Mwezi mzima lina tarehe saba.

Kikao ni Ijumaa. Nimeshaongea na mama mwenzangu wa mtaa wa nyuma, mwanawe yuko "C" pia, naye anamtafuta mwingine. Nitarudi kuwaambia walichojibu.

ChakiNyeupe

Saba. Nenda nalo hilo daftari, mama. Liweke mezani kabla hujauliza lolote.